Chai Iliyomchelewesha Mwingereza

Shikamoo Baba,

Guangzhou mvua inamwagika tangu alfajiri. Tulikuwa mgahawani kwa Mtanzania mwenzetu, mimi na Zuhura. Mwenzangu alikuwa ameshanyanyuka kukimbilia nguo za jumla kwenye soko la Shisanhang, nikamwambia, "Kunywa kwanza." Mzee wa Kizungu wa meza ya jirani akageuka akicheka. Akasema kwa Kiingereza kwamba hicho ndicho Kiswahili pekee anachokijua.

Kumbe alikuwa dereva wa mbio kule Uingereza, na siku hizi anafundisha vijana huku. Ameendesha kila kitu: magari ya mbio za lami, ya rali, hata malori. Ila mwaka mmoja, katikati ya mbio za rali, alikwama topeni Babati. Watu wakamsukuma akatoka, halafu mwanamume mmoja akasimama mbele ya gari na kikombe cha chai ya tangawizi, akamwambia, "Kunywa kwanza." Akanywa, huku wenzake wanampita.

Baba, miaka yote ulipotusimulia kwamba ulimnywesha chai dereva wa rali, tulikucheka tukidhani umeitunga. Nimemwagizia chai nyingine kwa niaba yako. Ameinywa polepole, maana leo hakuna wa kumpita.

Msalimie sana Mama, umwambie shahidi wako amepatikana Uchina.

Mwanao,
Mwajuma