Mhakiki wa Pili

Jumapili, tarehe 9 Juni

Shemeji,

Sisi wazima. Bati la jikoni limezibwa, na mwanao mdogo ameota meno ya mbele.

Makala ya marehemu mdogo wako kuhusu konokono ilirudi kutoka kwenye jarida la utafiti wiki chache kabla hajatutoka. Ilikataliwa. Waliisoma wahakiki wawili, na jarida huwaficha majina. Wa kwanza aliisifu. Wa pili aliandika kwamba konokono waliofugwa kwenye beseni la kufulia hawawezi kuitwa utafiti.

Makala ilisema “chombo” tu. Beseni ni langu, na wewe ndiye uliyesimama uani ukanicheka, “Shemeji, leo tunakunywa supu ya konokono?”

Nilimwambia mume wangu amwandikie mhariri. Akatabasamu. “Mwache, ni kaka. Labda alisoma kwa haraka.”

Ulikaa nayo miezi tisa, shemeji.

Mwenzake wa kazini ameipeleka kwenye jarida lingine. Mnaojua konokono ni wachache, huenda wakakuomba tena uihakiki. Tafadhali kataa.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Nami unikumbuke kwenye dua zako.

Mke wa mdogo wako