Kwa Baba Askofu, kutoka Nyumba Usiyoipendelea

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ulipoanguka ofisini kabla chai yako haijapoa, na nyumba hii haijatulia hadi leo. Mama anahamisha viti. Kiherehere, binti yako shemasi, uliyempa jina hilo kwa sababu hakukaa kitako tangu alipojua kutambaa, anaosha vikombe visafi.

Ulianza maisha ukifundisha hesabu, ukawa kasisi wa mitaa minne, kisha askofu kwa miaka kumi na sita. Cheo hakikukubadilisha mwendo. Ulipiga pasi kanzu zako mwenyewe, ukisema mkeo hakuolewa na dayosisi. Chai uliinywa umesimama. Siku ya kipaimara ulimwuliza kila mtoto jina lake, hata kama lilikuwa limeandikwa kwenye kadi kifuani, ndipo ukamwekea mikono.

Tunaikumbuka ile siku ulipokuta cheti kimoja cha kipaimara kimebaki mkobani, nanyi mmeshaondoka. Mwenye cheti, msichana mmoja, alikuwa ametoka nje kutapika kwa woga, ibada ikampita.

"Baba Askofu," dereva wako Breki alikuambia, "kilomita sitini kwa kichwa kimoja?"

"Kwani wewe una vingapi? Geuza gari."

Ulimkuta kwao, ukamwekea mikono palepale mlango wa jikoni, mama yake akiwa na povu la sabuni hadi viwikoni. Breki huisimulia hadithi hiyo kila akija kutuona, na kila mara kilomita zinaongezeka.

Ndiyo maana hatukukuelewa, Baba. Kwa mtoto wa watu uligeuza gari. Wa kwako ulimwacha shemasi miaka saba. Ushemasi aliupata chuoni, kwa mikono ya askofu mwingine. Ukasisi ulikuwa juu yako. Kila mwaka kamati ilimpitisha, na kila mwaka ulisimama ukasoma majina ya wenzake.

"Kosa langu nini, Baba?" alikuuliza mezani.

"Kuzaliwa na mimi. Watasema askofu anagawa ukasisi kama shamba la urithi."

"Kwa hiyo nikatafute baba mwingine?"

Ulicheka. Yeye hakucheka. Wiki iliyofuata tukakuzika.

Sasa askofu mpya amemwandikia: ukasisi atapewa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, mradi jibu lake lifike kabla ya siku hii ya kumbukumbu yako. Tangu barua ifike amekuwa akizunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga.

"Nikikubali, watasema nilisubiri baba afe," alimwambia Mama juzi.

"Walisema ulipokosa, watasema ukipata. Unangoja siku watakayoishiwa maneno?"

Kisha Mama akafungua droo ya meza yako, akamtolea orodha za waliopewa ukasisi, za miaka yote saba, ulizoziandika kwa penseli kabla ya kumpa karani azipige chapa. Katika kila moja mstari wa mwisho ulikuwa umefutwa hadi karatasi ikakwanguka. Kiherehere alizipeleka dirishani penye mwanga, moja baada ya nyingine. Jina lake lilisomeka kwenye zote.

Tulidhani atalia. Alikasirika.

"Kumbe alitaka."

"Alitaka, mwanangu. Aliogopa."

"Bora ningekuta hakuniandika kabisa." Akaenda hadi mlangoni, akarudi. "Aliogopa midomo ya watu, Mama, naye ni askofu mzima. Mimi hicho sikirithi."

Akaketi, akajibu barua kwa mistari miwili: anakuja. Breki aliondoka nayo dakika ileile, Kiherehere asije akabadili nia.

Hajakusamehe, Baba, na ametukataza kuandika vinginevyo. Tulipomwomba walau neno moja la upole, alisema tuandike kwamba kila siku anatafuta mtu wa kubishana naye mezani, na sote tuliobaki tunamkubalia haraka mno.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anapanga viti kana kwamba kuna mkutano, dada yako mkubwa, asiyekuita Askofu hata siku moja, wanao watatu, yule wa kati akiwa shemasi kwa siku chache zilizobaki, wakwe zako, wajukuu zako wanne, na Breki, aliyesema asipotajwa humu hatumwoni tena.

Daima tutakukumbuka, Baba, na daima tutakuwa na la kukujibu.