Viazi vya Moto kwa Vidole vya Nyanya

Wambui mjukuu wangu,

Huku Dundori tu wazima, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Unauliza kama joto husaidia baridi yabisi kweli. Nikiwa msichana, asubuhi moja vidole vya nyanya yangu vilikakamaa akashindwa kukamua, na gari la maziwa lilikuwa njiani. Nikamfungia mikono kwa kitambaa chenye viazi vilivyotoka sufuriani.

"Wee! Unanipika?" akafoka. "Jaribu kwanza kwa mkono wako!"

Nikaongeza kitambaa, nikajaribu, tukangoja robo saa. Joto halikuponya ugonjwa, lililegeza vidole tu. Lakini alikamua, gari likatukuta tayari, kisha akala vile viazi kwa chumvi.

Ule mfuko wa maji moto ulionitumia naweka magotini kila asubuhi. Kasoro yake ni moja: hauliki.

Nyanya yako