Neno Nililoliongeza Lyamkena

Mpendwa mdogo wangu, mama Eliya,

Tangu mhamie Mawengi sijakuandikia, na safari hii si uvivu, ingawa unanijua. Naogopa. Barua hii utasomewa na mumeo, naye ana haki ya kuisikia.

Unaikumbuka siku ile ya kliniki Lyamkena? Ulikuwa bado msichana, Eliya mgongoni, na mumeo kakaa nyuma yako na kofia mkononi, mwanamume peke yake kati ya kina mama. Bibi Mzungu wa ustawi wa wazazi alikuwa na Kiswahili cha kitabuni, nami nikikigeuza Kibena. Alisema polepole, "Kila mtoto atapata kadi yake." Basi. Mimi nilitaka mjue kuwa nimesoma, nikaongeza langu: "Mtoto anaandikwa, anapewa namba."

Namba, mbele ya mtu aliyetoka juzi tu kukata mkonge Tanga, aliyeandikwa kwa namba na kuitwa manamba hadi akakaribia kusahau jina lake. Mumeo alisimama. "Mwanangu hawamwandiki," akasema, akakushika mkono mkaondoka. Wenzako wakakaza nguo za mgongoni na kuwafuata, mmoja mmoja.

Bibi aliniuliza, "Nimesema vibaya?"

"Labda, Bibi," nikamjibu.

Wiki iliyofuata nikasikia Eliya ana kichomi na mmemficha ndani. Nilikuja peke yangu, nikasimama mlangoni, nikasalimu: "Kamwene." Hukuitika. Nilimsikia mtoto akivuta pumzi kwa shida, kifua kinakoroma. Kisha ukauliza, "Aliyetaka kumwandika mwanangu ni yule Mzungu, au ni wewe?"

Mlango ulikuwa bado umefungwa. Niliona kabisa kwamba nikisema kweli hutafungua.

"Ni yeye," nikasema. "Mjumbe hauawi, mdogo wangu."

Ukafungua.

Mumeo alitoa sharti moja, Mzungu asimguse mtoto. Kwa hiyo mganga wa zahanati ndiye aliyemchoma Eliya sindano, na Bibi akasubiri nje kwenye baridi na manyunyu, siku zote tano. Mlipotoka siku ya mwisho alikupungia mkono, nawe ukageuza uso. Nililiona hilo na nikanyamaza, maana tayari kina mama walikuwa wananisikiliza mimi. Nilipenda kusikilizwa. Yeye hawakumpa hata kigoda, mpaka akahamishwa. Siku ya kuondoka aliniachia kamusi yake na kuniomba radhi kwa Kiswahili chake kibovu. Niliipokea kwa mikono miwili.

Nilijiambia mtoto amepona, yatosha. Na kweli, nasikia sasa anachunga mbuzi na kumsumbua kila mtu. Kama ningerudishwa mlangoni pale, huenda ningesema uongo uleule. Lakini ningekufuata baadaye nikakwambia. Sikukufuata.

Jana, sokoni Makambako, mtu wa kwenu amenipa salamu zako. Kasema umejifungua binti na unataka kumpa jina langu, kwa sababu Lyamkena nzima ni mimi peke yangu ambaye sikukuficha kitu. Nimelia njia nzima, mtu mzima mimi.

Kama hamjambatiza, tafadhali msimpe jina langu. Yule Bibi aliitwa Ruthi. Hukuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kukwambia.

Nawaaga nikiwa na hofu, nanyi mkae salama,

Dada yako, mkalimani