Shingo Pana ya Ekzosi Usiitafute

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Anua nguo mapema, mawingu yanajikusanya. Na ile shingo pana ya ekzosi, pale mabomba manne ya moshi yanapoungana kuwa moja, usihangaike kuitafuta. Ninairudisha dukani.

Asubuhi nilikwambia shingo pana itanguruma vizuri, lakini moshi utatoka kwa uvivu na gari litachoka mlima ukianza tu. Mashindano ya Jumamosi ni ya kupanda mlima, si ya kupiga kelele. Ukanijibu mbele ya mumeo, "Baba, hayo ni mambo ya malori yako. Kapumzike." Mkwe akacheka na mkate mdomoni.

Haya. Shule niliokota darasa hapa, darasa pale, lakini injini nimezisikiliza miaka arobaini.

~~Nisamehe kwa kuichukua bila kuuliza.~~ Hapana, siombi radhi. Anayeshika usukani ni wewe, na sitaki gari likuzimikie kwenye kona ile kali.

Nitakuwa kwa mchomeleaji, anichongee nyembamba. Kama una hasira, njoo nazo huku, na spana namba kumi na tatu usiisahau.

Baba