Kilio Kilichonipa Jina

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Samuye, sasa naishi Geita mjini, na kazi yangu ni kuchekesha watu kwenye simu, nina wafuasi laki mbili na elfu kumi, na sisemi hivyo kwa kujisifu bali upate kunielewa. Mwaka jana jirani yetu kijijini alifiwa na mumewe, nami nikaenda mazishini, na pale mjane, Mama Rhoda, alikuwa analia kwa sauti kubwa, kisha katikati ya kilio akageuka akamwambia mtoto, "Wewe, fukuza mbuzi huyo, anamaliza mahindi!" halafu akaendelea kulia palepale alipoachia, na mimi niliyesimama nyuma nikacheka moyoni, Mungu anisamehe. Niliporudi Geita nilijifunga kanga nikaigiza kilio kile na mbuzi yule, nikairusha video, na kwa siku tatu ikatazamwa mara milioni moja.

Tangu hapo nikipita sokoni waendesha bodaboda huniita "Fukuza Mbuzi", na wachimbaji wa dhahabu wa Masumbwe walinialika kwenye sherehe yao wakapiga kelele, "Lia, kaka, lia tucheke!" nikalia, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi, mtoto wa mkulima wa pamba, nikajiona nimekuwa mtu.

Lakini video ilifika Samuye. Rhoda mwenyewe, binti wa yule mjane, ambaye yuko kidato cha pili, alionyeshwa na wenzake shuleni. Sasa kijijini kwetu akifa mtu kila nyumba hutoa watu, wanaume huchimba kaburi na wanawake hupika kwa sufuria zao, na sufuria ya mama yangu, iliyo kubwa kuliko zote, ilikuwa ikitunzwa kwa Mama Eufrasia, kiongozi wa wanawake, ili msiba ukitokea isitafutwe. Mwezi wa nne waliirudisha, wakaiacha uani bila kupiga hodi. Mama alipowafuata kuuliza, Mama Eufrasia akamjibu, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma chetu, "mwanao ana watu wengi kuliko sisi. Siku yako waje wao wakupikie." Misiba miwili imepita bila mtu kumwambia, alisikia vilio akiwa shambani, akajua mwenyewe. Miguu yake imevimba na halali vizuri. Juzi alinipigia simu, akasema, "Enock, wewe unajulikana mpaka Dar es Salaam. Mimi hapa Samuye hawanijui tena." Akakata.

Rafiki yangu Marcel, anayenipiga picha, anashauri twende naye kwa Mama Rhoda, nipige magoti, arekodi, kwa kuwa msamaha huo utatazamwa kuliko hata kile kilio, na kijiji kitaona nimetubu mbele ya nchi nzima. Ile video ya kwanza anasema nisiifute, maana ndiyo inayoniletea watu wapya kila siku. Nusu ya moyo wangu inakubaliana naye. Je, nimfuate, au niache mambo yapoe yenyewe?

Ni mimi, Enock, Geita.

*

Enock, marahaba.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umetaja idadi ya wafuasi, umetaja idadi ya watazamaji, lakini jina la marehemu hukulitaja hata mara moja. Ulikwenda kumzika nani? Kama hulijui, muulize mama yako leo.

Sikulaumu kwa kucheka moyoni. Msibani watu hucheka, hata wafiwa wenyewe, wala si dhambi. Kosa lako ni kukibeba kicheko hicho hadi mjini na kuwagawia watu wasiomjua yule mama. Fikiri tena ulichokiona. Mahindi yale ndiyo yangewalisha watoto wake, na tangu asubuhi ile hapakuwa na mwingine wa kuyalinda. Ulimwona mwanamke anayeanza ujane, ukaona mzaha.

Unasema umekuwa mtu. Watu laki mbili wanaijua sura yako na kanga uliyojifunga, lakini hakuna hata mmoja wao ajuaye kuwa miguu ya mama yako imevimba. Silaani umaarufu. Usukumani waimbaji wa ngoma walijulikana kijiji hadi kijiji tangu zamani, na walipenda sifa kama wewe. Ila aliyeimbwa vibaya alikuwa na kundi lake, na kwenye mashindano yaliyofuata kundi hilo lilimjibu mwimbaji uwanjani, mbele ya watu walewale. Wewe unasema juu ya mtu asiyeweza kukujibu, mbele ya watu ambao hatawaona kamwe. Jina lililopatikana hivyo ni jepesi.

Wanawake wa Samuye wamemkosea mama yako, nalisema wazi, kwa sababu si yeye aliyeigiza. Lakini hawakuwa na njia nyingine ya kukufikia.

Sasa nisikilize. Video ifute leo, kabla hujala, wala usimwulize Marcel. Huwezi kuombea msamaha kitu ambacho bado unakifaidi. Kisha nenda Samuye peke yako, simu uiache kwa mama. Usijipeleke kwa Mama Rhoda. Mwombe mjomba wako au mzee wa ukoo atangulie kukuombea nafasi, na ukiambiwa si leo, rudi usubiri. Ukikaribishwa, kaa chini, taja kosa lako kwa maneno machache, na usilie. Kilio cha nyumba ile umeshakilia vya kutosha. Rhoda naye umwombe radhi, kwa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyechekwa darasani. Wazee wakikutoza faini, itoe bila kubishana. Baada ya hapo, kila msiba utakaotokea Samuye, panda gari ukachimbe kaburi, ukae mpaka udongo wa mwisho, na urudi Geita bila kumsimulia mtu.

Mambo hayatapoa yenyewe. Huenda Mama Rhoda asikusamehe; ni haki yake, usimharakishe. Wafuasi utawapoteza, na wachimbaji wakikuita ulie, wakatalie, hata wakikuzomea. Unaweza kuchekesha kwa mambo yako mwenyewe, na kama huna ya kwako, tafuta kazi nyingine.

Hufanyi haya ili usifiwe. Unayafanya ili asubuhi moja jirani asimame mlangoni kwa mama yako na kusema, "Mayu, kuna msiba, twende." Huenda siku hiyo hutakuwapo, wala hakuna atakayekuambia. Mama atajifunga kanga yake, atafunga mlango, ataondoka nao.