Sala Iliyofungua Kompyuta

Mwenzangu, nimetoka kwenye mtihani sasa hivi.

Unamjua yule mwalimu wetu wa jioni anayeiita Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, "mfumo wa wasio na kazi"? Yeye, mtu mzima, anawasha kompyuta yake, inamwambia asubiri, naye anasubiri kama mtoto! Yangu hainiamrishi.

Leo maswali yote ya mtihani yalikuwa kwenye flashi yake. Akawasha mashine yake ya kifahari: "Inasasisha, asilimia nne. Usizime." Nusu saa nzima, bado asilimia nne!

Akanijia. "Mama, lete hicho kikorokoro chako." Kikorokoro!

Nikamwomba niandike neno la siri mwenyewe. "Taja tu, mama, tunachelewa."

Taja tu! Mbele ya darasa zima! Na ndiye atakayenisahihishia!

Nikataja. "Ee Mungu mpe mwalimu akili. Yote pamoja, herufi ndogo."

Akaliandika lote, herufi moja moja. Kikorokoro kikafunguka papo hapo.

"Unaomba sala hii tangu lini?"

"Tangu muhula wa kwanza, mwalimu."

Akageuka kuitazama mashine yake. Asilimia tano.

"Usiache," akasema.